Mwenza wa kuongea naye Kiingereza: wa kwenye simu au wa ana kwa ana?

mkwezi_pongwe
Wakuu, Kiingereza nasoma, kuandika napambana, ila kuongea ndiyo kizungumkuti. Nina diploma ya hoteli, niko Tanga, mwezi ujao nina usaili Unguja, mapokezi. Nataka mtu tubadilishane: anipe Kiingereza, nimpe Kiswahili. Hela ya mwalimu sina, nina bando tu. Nitumie HelloTalk au Tandem, zile app za kubadilishana lugha, au nitafute mzungu anayejifunza Kiswahili?

BintiVuga
Mdogo wangu, zote mbili nimetumia. HelloTalk watu ni wengi, lakini wengi wanatafuta Kiingereza kama wewe, kwa hiyo chuja: lugha mama Kiingereza, anayojifunza Kiswahili. Tandem wanapitia kwanza ombi lako ndipo wakuruhusu kuingia. Tatizo ni lilelile, mtachati mpaka mchoke bila kusikiana sauti. Anza na ujumbe wa sauti, halafu omba simu mapema.

Ila ukifika huku Unguja, wa ana kwa ana ndiye mwenyewe. Wageni wanaokuja kusoma Kiswahili SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, wanakereka kila wakiongea Kiswahili wanajibiwa Kiingereza. Mwambie nusu saa Kiswahili kitupu, nusu saa Kiingereza, wekeni kengele ya simu. Bila kengele mmoja atadhulumiwa, na kawaida ni sisi wenye aibu.

baharia_mstaafu
Angalia na saa. Mtu wa London akitoka kazini saa 11 jioni, kwetu ni saa 1 au 2 usiku, mnaongea vizuri. Wa New York akitoka muda huohuo, wewe ni saa 6 au 7 usiku.

Dogo_Janja_wa_Chuda
Bando la usiku si ndiyo bei poa, mzee 😂

MamaNasra
Mimi napinga habari ya kumsaka mzungu. Wanaokusaili wengi watakuwa Watanzania na Wakenya, na wageni wa Unguja ni Waitaliano, Wajerumani, Wafaransa, ambao Kiingereza wao pia wamejifunza. Tafuta Mtanzania mwenye shida kama yako, mmoja awe mgeni aliyekuta bafu halina maji, mwingine mapokezi. Kisha badilishaneni.

BintiVuga
Dada, makosa si watabadilishana pia?

MamaNasra
Watabadilishana, ndiyo. Lakini anayekosea huku anaongea amemzidi aliyenyamaza. Na huyo wa mtandaoni, akianza habari za zawadi iliyokwama forodhani, mfungie.

karani_wa_Upanga
Hamjaitaja Toastmasters. Si kubadilishana lugha, ni klabu ya kuongea mbele za watu, mgeni anahudhuria bure na zipo zinazokutana kwa mtandao. Unapewa swali papo hapo, usimame ujibu dakika moja au mbili, na kuna mtu kazi yake ni kuhesabu "aah" zako. Kwa usaili sijaona dawa kali kuliko hiyo, ingawa mara ya kwanza jasho litakutoka.

mkwezi_pongwe
Asanteni. Tandem nimeomba leo, nasubiri wanikubali. Wazo la MamaNasra ndilo limenikaa zaidi. Nani yupo Tanga mjini tuanze Jumamosi?

Dogo_Janja_wa_Chuda
Mimi. Nakucheki PM. Ila mgeni mwenye bafu bovu nakuwa mimi kwanza.