Mwanangu ana valvu (kilango cha moyo) ya bandia, homa haishi, eko (kipimo cha picha ya moyo) inasema safi

MamaWete: Asalaam aleikum. Mwanangu ana miaka 15, kazaliwa na tundu la moyo na mshipa wa kwendea mapafuni mwembamba, kapasuliwa India akatiwa bomba lenye valvu. Alikuwa mzima tu, skuli anakwenda. Sasa tokea ang'olewe jino wiki ya nne hii, homa inakuja usiku asubuhi hana, jasho mpaka shuka unakamua. Malaria hamna. Antibayotiki kapewa mara mbili, akimaliza inarudi. Juzi kapigwa eko, moyo safi. Dokta mwengine ananambia nivuke Dar, spitali ya moyo ya Jakaya Kikwete, akapigwe eko ya kooni, ile ya kumezeshwa mpira. Baba yake anasema eko si ishapigwa? Nishaurini.

yakhe_mkoani: Homa ya jino hiyo, asukutue maji ya chumvi.

nesi_chake: We yakhe hebu! Mama, nenda. Valvu ya bandia na homa baada ya jino, cha mwanzo kufikiria ni wadudu wameshika kwenye valvu. Eko ya kifuani ikitoka safi haijaondoa shaka hiyo, vitu vya bandia vinatia kivuli kwenye picha, kiuvimbe cha milimita chache kinajificha hapo. Na usimpe antibayotiki nyengine za dukani, atolewe kwanza damu ya kalcha (huoteshwa kuona kama ina wadudu), seti tatu, maana hizo dozi zinazima wadudu kwenye damu tu, kwenye valvu wapo. Ila akizidiwa, spitali hapohapo. Dokta wa meno alijua ana valvu?

MamaWete: Sikumwambia, wallahi sikujua kama inahusu.

nesi_chake: Mwenye valvu ya bandia hupewa dozi moja ya amoksilini kabla ya kung'oa jino. Yashapita hayo.

bomba_la_pili: Mie nna bomba kama hilo. Hata ya kooni yangu haikuonesha vizuri, ule mpira unapita nyuma ya moyo na bomba liko mbele, karibu na mfupa wa kifua. Nikapigwa siti skani, baadae PET hukohuko India, unachomwa sukari yenye mionzi, penye wadudu panawaka. Siku ya kabla yake wali hupewi, mkate hupewi, nyama na mayai tu halafu unafunga, la sivyo moyo wote unawaka hawasomi kitu. Mie nilikula tende mbili kwa siri nikarudishwa 😂

MamaWete: Nimemsomea baba yake, kanyamaza, kenda kuulizia boti. Nibebe nini?

bomba_la_pili: Karatasi zote za operesheni na sidii. Watauliza bomba la aina gani.