Nani anaimba ubeti wa bwawa kwenye "Highwayman"?

MwanaWaDereva
Wakubwa, shikamooni. Marehemu baba alikuwa dereva wa trela, Mombasa hadi Malaba, na garini alikuwa na kaseti moja asiyotaka iguswe: Highwayman, ya mwaka 1985. Redio ikiumeza mkanda, aliegesha kando, akaurudisha taratibu kwa kalamu ya Bic, ndipo safari ikaendelea. Najua waimbaji ni Johnny Cash, Willie Nelson, Waylon Jennings na Kris Kristofferson, ila kwa sauti nawachanganya. Ninayemtaka ni yule wa ubeti wa tatu, mjenzi wa bwawa anayeteleza akaangukia kwenye zege bichi. Hapo baba aliongeza sauti, na sote tulinyamaza. Ni nani? Na kweli kuna watu waliozikwa mle?

MzeeWaKaseti
Marahaba mwanangu, na pole kwa baba. Huyo ni Waylon.

Fuata zamu zao. Willie anaanza, mnyang'anyi wa barabarani anayenyongwa. Kris ni baharia aliyepanda kukunja tanga kwenye dhoruba, foromali, ule mti unaobeba tanga, ikavunjika. Kisha Waylon bwawani. Cash anamalizia akiwa nahodha wa chombo cha angani, naye anajua atarudi tu, hata kama ni tone la mvua. Roho moja, miili minne. Mtunzi ni Jimmy Webb, na Glen Campbell aliurekodi kabla ya hawa, lakini mtu mmoja akiimba beti zote nne huisikii roho ikihama. Kwa hawa unaisikia, kila kifo kina koo lake. Ndiyo maana nasema wimbo ule ulikuwa ukiwangoja wao.

Tena hawakuwa vijana, walikuwa na miaka kati ya 47 na 53. Miaka ya sabini Waylon na Willie walivutana na wakubwa wa Nashville, mji wa makampuni ya muziki wa kantri, ili wachague wenyewe nyimbo na wapigaji, wakaitwa waasi. Wimbo huu ukashika namba moja kwenye chati ya kantri Marekani. Na bado mwaka uliofuata, 1986, Columbia, kampuni yake ya kurekodi, ikaachana na Cash! Mpaka leo inaniuma. Waylon alitangulia 2002, Cash 2003, Kris 2024.

Kwenye kaseti hiyohiyo tafuta "Desperados Waiting for a Train", utunzi wa Guy Clark. Ni kijana na mzee mchimba visima vya mafuta. Usiusikilize ukiwa unaendesha.

FundiZege
Mimi kazi yangu ni kumwaga zege. Bwawa hilo ni la mto Colorado, sasa laitwa Hoover, lilijengwa 1931 hadi 1936. Zege lilimwagwa kwa vitalu, ndoo moja ikipandisha usawa inchi chache tu, kwa hiyo aliyeanguka wenzake wangemwona. Hesabu rasmi ya waliokufa kazini ni 96, lakini hakuna aliyeachwa ndani ya ukuta.

Ila ubeti ule haudanganyi. Niliwahi kuzama mpaka magotini. Kwanza baridi, halafu buti linang'ang'aniwa, ukilivuta mguu unatoka peke yake. Usiku ngozi ikaniwasha kama pilipili.

MwanaWaDereva
Asanteni sana. Nimeusikiliza sasa hivi kwa simu na Waylon nimemsikia. Lakini kwenye kaseti ya baba sauti huyumba kidogo palepale kwenye zege, mkanda uliumia, na kwenye simu haiyumbi. Natafuta redio ya kaseti inayofanya kazi. Mwenye nayo Mombasa aniambie.