Pistoni za 2JZ zimetokeza juu ya bloku, nafasi ya hedi inatosha kwa drag?

Kranki86:
Wakuu habari zenu. Naomba ushauri kabla sijafunga hedi (kifuniko cha juu ya silinda). Injini ni 2JZ-GTE ya Toyota, silinda sita yenye turbo, isiyo na VVT-i (mfumo wa kubadili muda wa valvu), ya mbio za drag za mita 402 tu. Silinda zimechongwa hadi mm 86.5, pistoni za foji (chuma cha kufuliwa), koni rodi (mikono inayounga pistoni na kranki) za chuma, na nataka izunguke hadi mara 8,500 kwa dakika. Uso wa bloku ulikuwa na mikwaruzo ikabidi uchongwe. Sasa pistoni ikifika juu kabisa inatokeza mm 0.25. Gasketi ni ya mabati, mm 1.2 ikishabanwa, kwa hiyo kati ya pistoni na hedi inabaki 0.95. Fundi mmoja ananiambia funga tu, mwingine anasema itagonga hedi. Nishike lipi?

FundiGerezani:
Mkuu, hiyo 0.25 umeipimia wapi? Pistoni ikiwa baridi inacheza ndani ya silinda, na za foji zaidi, maana huachiwa nafasi kubwa ya kutanuka. Ukiweka geji ukingoni upande wa ekzosti, ikiinama huku unasoma hivi, ikiinama kule unasoma vingine. Weka geji kwenye mstari wa pini (inayoshika pistoni kwenye rodi), mbele na nyuma ya pistoni. Kisha bonyeza ukingo kwa kidole uone upande wa pili unapanda kiasi gani. Na pima zote sita.

Kranki86:
Asante fundi. Kwenye mstari wa pini namba 1 ni 0.20, namba 6 ni 0.28, na za katikati zinaongezeka kidogo kidogo kuelekea nyuma. Nikibonyeza ukingo zinapanda 0.08 zaidi.

FundiGerezani:
Basi uso wa bloku umechongwa mshazari, hauko sambamba na kranki. Hesabu zako zifanye kwa namba 6, hiyo ndiyo itakayogonga kwanza. 0.28 na 0.08 ni 0.36. Umebaki na 0.84.

Makupa402:
Kaka, 0.84 kwa 8,500 mimi sifungi. Rodi hata ya chuma inavutika, na inavutika zaidi pale pistoni inapomaliza kusukuma moshi nje. Wakati huo juu hakuna mgandamizo wa kuizuia, inarushwa kuelekea hedi kwa uzito wake wote. Nguvu hiyo hukua kwa mraba wa mizunguko: ukitoka 7,000 kwenda 8,500 inakaribia mara moja na nusu. Hapo jumlisha na uwazi wa beringi na kupinda kwa kranki. Kwa rodi za chuma wajenzi wengi hukaa kwenye 0.9 hadi 1.0 kama kiwango cha chini. Za alumini huanzia kama 1.4, maana zinavutika na kutanuka zaidi.

Chukua gasketi ya 1.5, utapata 1.14 kwenye namba 6. Utaongeza kama cc 1.75 kwenye chemba ya kila silinda. Kama uwiano wa mgandamizo ulikuwa 9 kwa 1 utashuka karibu 8.8, na kwa turbo hilo halikuumizi. Ila usikimbilie gasketi ya mm 2 kwa woga. Ule mwanya mwembamba kati ya ukingo wa pistoni na hedi ndio unaosukuma mchanganyiko kuelekea plagi. Ukiuachia sana injini inaanza kugonga kwa kujiwasha.

Bi_Kemu:
Umebadilisha kemu (mhimili unaofungua valvu)? 2JZ hii watu huisifu kwamba mkanda ukikatika valvu hazigusi pistoni, lakini hiyo ni kwa kemu na pistoni za kiwandani. Pima nafasi ya valvu pia: inteki (ya kuingiza hewa) isipungue mm 2, ekzosti (ya kutoa moshi) 2.5. Angalia kwa makini nyuzi kama 10 za mzunguko wa kranki kabla ya pistoni kufika juu kwa ekzosti, na kama 10 baada yake kwa inteki.

Kuhakikisha ile nafasi ya pistoni na hedi, tumia waya wa lehemu wa mafundi redio, wa mm 2. Bandika vipande viwili kwa grisi kwenye mstari wa pini, mbele na nyuma, pale uso wa hedi ulipo bapa. Funga hedi, zungusha kranki kwa spana, stata usiiguse. Toa waya, pima kwa maikromita.

Kranki86:
Kemu ni kubwa kidogo kuliko za kiwandani, nitapima. Naagiza ya 1.5. Wakati wa kujaribu nibane stadi (bolti za hedi) kwa toki (nguvu ya kukaza) kamili?

Bi_Kemu:
Kamili, kwa hatua zilezile na grisi ileile ya stadi. Ila gasketi ya kujaribia iwe nyingine ya aina hiyohiyo. Utakayofungia iache kwenye pakiti, mpako wake ukishabanwa haurudi.