BET iliharibiwa na Viacom, au tunawasingizia? Naomba ushauri

Wakuu, salaam. Naandaa mada ya kipindi cha hip-hop na nimekwama kwenye BET, runinga ya Wamarekani weusi. Robert Johnson aliianzisha 1980, na 2000 dili la kuiuzia Viacom, kampuni kubwa ya vyombo vya habari, kwa dola bilioni 3 hivi likatangazwa. Baadaye kipindi chake cha Teen Summit, ambapo vijana weusi walijadili ukimwi na shule, kikafutwa. Taarifa ya habari ya usiku nayo ikafuata.

Wengi wanawalaumu Viacom tu. Mimi nasita: video za magari na mabinti nusu uchi zilijaa tangu enzi za Johnson (lebo, yaani kampuni za muziki, zilizileta bure, nani angekataa?). Halafu sheria ya mawasiliano ya 1996 ikaruhusu kampuni chache kununua redio kibao Marekani.

Nianze na nani: mwenye runinga, lebo au sheria?