Mjadala: Simulizi za wazee wa Kilimanjaro zina nafasi gani katika maktaba zetu?

Swali lililozushwa na mwenzetu mmoja wa hapa Moshi ni hili: je, maktaba zitumie fedha na nafasi zao kukusanya simulizi za wazee, na mwanafunzi aruhusiwe kuzitaja kama chanzo cha msingi, yaani ushahidi wa moja kwa moja wa jambo analolichunguza? Yeye anasema hapana, kwa kuwa mzee wa leo hakuwapo mambo anayoyasimulia yalipotokea, simulizi hubadilika kila inaposimuliwa, na kitabu angalau kimepita mikononi mwa mhariri. Mimi nasema ndiyo, ila kwa masharti.

Tuchukue mfano tunaoufahamu sote. Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa Old Moshi, alinyongwa hukohuko tarehe 2 Machi 1900, pamoja na viongozi wengine, kwa tuhuma za kula njama dhidi ya utawala wa Wajerumani. Taarifa za maofisa wa Kijerumani wa wakati ule ni chanzo cha msingi, lakini kuwa cha msingi si kuwa cha kweli: walioandika ndio walionyonga, nao walikuwa na kila sababu ya kuonyesha kwamba walitenda haki. Kitabu cha Kathleen Stahl kuhusu historia ya Wachaga, kilichotoka mwaka 1964, ni chanzo cha upili, yaani kilichoandikwa baadaye kwa kutegemea habari za wengine, na hapa ndipo hoja ya mwenzetu inapoyumba, kwa maana Stahl alichota habari zake nyingi kwa wazee wa mlimani. Inakuwaje maneno ya mzee yaaminike yakishapigwa chapa Ulaya, kisha yakataliwe yakitoka kinywani mwa mjukuu wake kijijini Kidia, Old Moshi?

Nakubali kwamba mzee wa leo si shahidi wa mwaka 1900. Mtafiti anayeuliza ni nini hasa kilichotokea siku ile atayachukua maneno yake kama mapokeo na kuyapima kwa nyaraka. Lakini anayeuliza watu wa Old Moshi wanamkumbukaje Meli, na kwa nini wazao wake wamekuwa wakilitafuta fuvu lake Ujerumani, hana chanzo kilicho karibu zaidi kuliko mzee huyo. Aina ya chanzo hufuata swali linaloulizwa, wala haitokani na jalada wala mhuri.

Masharti yangu yanahusu kazi ya mkutubi. Sauti ihifadhiwe katika Kichaga kilekile alichokisema mzee, kwa sababu tukibaki na tafsiri ya Kiswahili peke yake, tumebaki na maneno ya mfasiri. Kila rekodi iandikiwe jina la msimulizi, kijiji, tarehe, aliyemhoji na, zaidi ya yote, msimulizi aliyasikia hayo kwa nani: kwa babu aliyeona, au kwa mwalimu aliyesoma kitabu? Nalisisitiza hili la mwisho kwa sababu zipo simulizi zilizotoka kitabuni zikarudi kijijini, na asiyeuliza atahesabu ushahidi mmoja mara mbili.

Linalonitatiza bado ni ruhusa ya kusikiliza. Baadhi ya simulizi hugusa migogoro ya vihamba, yaani mashamba ya urithi ya ukoo, na lawama za ukoo mmoja kwa mwingine, na wanaotajwa wana watoto walio hai. Mimi naona msimulizi mwenyewe ndiye aamue rekodi yake ifunguliwe lini, hata kama mtafiti atasubiri miaka mingi. Anayeona vinginevyo, hasa mwenye uzoefu wa kutunza nyaraka, naomba alete hoja yake.