Naomba ushauri: sainasi ya mama haiponi, upande mmoja tu

Habari zenu wakuu. Mama yangu ana miaka 58, kwa miezi minane sasa pua imeziba upande wa kushoto tu. Anatoa makamasi yenye damu na magamba, na shavu limeanza kufa ganzi. Dozi nne za antibayotiki hazijasaidia kitu. Ana kisukari pia, ndiyo maana fangasi wa sainasi wananitisha zaidi.

Daktari ametaja kipimo cha CT (picha za ndani za kompyuta), kukata kinyama kipelekwe maabara, na kipimo cha damu cha ANCA kuangalia uvimbe wa mishipa ya damu. Aliyepitia haya, mlianza na kipi? Kinyama kikikatwa, tuombe kiangaliwe fangasi na saratani kwa pamoja? Tupo Mwanza, ila hata Muhimbili tutampeleka. Nisaidieni, hali ya ganzi inaniogopesha.