Bei ikiporomoka, bodi ya ushirika ingoje mkutano mkuu?

Mtoa mada, Dodoma mjini: Wadau, mwaka 2022 mafuta ya kula yalipanda bei vibaya, vita ya Ukraine ikachochea, na huku kwetu Dodoma na Singida watu wakajitosa kwenye alizeti. Mwaka uliofuata bei ya mbegu ikaporomoka. Kuna AMCOS moja, yaani chama cha ushirika cha wakulima, ilikuwa na mzigo ghalani. Meneja akashauri wakodi kinu, wakamue wenyewe, wauze mafuta, na mashudu wawauzie wafugaji. Bodi ikasema bajeti haina kifungu hicho, tungoje mkutano mkuu. Hadi akidi itimie, wafugaji walishapata mashudu kwingine na magunia ya chini yameanza kuvunda. Nasema bodi iruhusiwe kubadili mpango katikati ya msimu. Mnasemaje?

Mkulima, Kongwa: Mkuu, hiyo kasi tunaijua. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, kazi zikapewa mamlaka za mazao. Uamuzi wa haraka kweli! Hadi sheria ya 1982 ndipo vikarudi. Mkulima hakuulizwa. Na chama chetu, meneja alijiamulia kununua mashine ya kukamua. Iko chini ya turubai, kuku wanataga humo. Deni linalipwa na makato yetu.

Mhasibu wa SACCOS (ushirika wa akiba na mikopo), Dodoma: Nyote mnabishania mamlaka, wakati mengine mnayo tayari. Corona ya 2020 ilipoingia, wanachama wetu wenye migahawa na nyumba za wageni walikwama kurejesha. Hatukugusa masharti ya chama. Afisa mikopo alimpigia simu mkopaji mmoja mmoja, na kamati ya mikopo, iliyokuwa ikikaa mwisho wa mwezi, ikawa inakaa kila Jumatatu kuongeza muda wa marejesho. Wabishi walikuwepo, hasa waliokuwa wanalipa vizuri.

Mkulima, Kongwa: Hiyo naielewa. Kuongeza muda si kukopa.

Mtoa mada: Basi nipunguze. Ukomo wa madeni ubaki kwa mkutano mkuu na Mrajis wa vyama vya ushirika. Kukodi kinu kwa fedha zilizopo, bodi iamue, na hesabu ibandikwe ukutani ghalani wiki hiyohiyo.

Mkulima, Kongwa: Ibandikwe kabla ya kulipa. Halafu tutajie kiwango cha juu ni shilingi ngapi.